Mgeni wa Mlimani

Mwaka mpya wa masomo unapofunguliwa, vijana kutoka mikoa yote huteremka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, na wiki ya kwanza hiyohiyo wanakutana na Kiswahili kingine. Huyu anauliza kama bumu limeingia. Yule anatafuta madesa. Wa tatu anasimulia habari za jamaa aliyeshindwa sapu, akadisko.

Msikilizaji, haya si maneno ya mzaha. Bumu ni fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, na anayechelewa kusaini hushinda njaa wakati wenzake wanakula. Madesa ni nukuu za masomo. Sapu ni mtihani wa marudio. Kudisko ni kuondolewa chuoni, ndoto ya familia nzima ikakatika. Mgeni anayeona haya kuuliza anaweza kupitwa na tarehe, na hakuna mhadhiri atakayemfuata bwenini kumkumbusha. Uliza, mwanangu, hata wakicheka.

Ipo pia desturi ya kubebana: aliyepata kitanda anamkaribisha aliyekosa, wanalala mzungu wa nne. Kanuni za mabweni haziitaki. Mimi naiheshimu, maana imewavusha watoto wa wakulima ambao kodi ya chumba mtaani, Sinza, ingewarudisha kijijini.

Lakini si kila unachokikuta chuoni ni cha kufuata. Palepale Mlimani palikuwa na Mzee Punch, jina walilojificha nyuma yake wanafunzi waliobandika ukutani michoro na maneno ya kuwadhalilisha wenzao, hasa wasichana. Wengi waliiita mila ya chuo, wakasoma, wakacheka, wakapita. Februari 1990 msichana wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa akiandamwa na kundi hilo, alijiua. Ndipo Punch ikapigwa marufuku.

Siku hizi kuta hazihitajiki. Yapo magrupu ya WhatsApp. Binti akikosea neno darasani, au akivaa gauni lisilo la mjini, picha yake inazunguka kampasi nzima kabla ya jioni.

Ninyi mlio mwaka wa pili na wa tatu, neno langu ni kwenu zaidi. Mkimwona mgeni anababaika, mwelekezeni pa kusainia bumu, mgawieni madesa. Na picha ya kumdhalilisha ikiingia kwenye simu yako, usiipeleke mbele. Ifute, kisha umkemee aliyeituma, humohumo kwenye grupu, mbele ya wote.