Mtu wa Kana Alipomhukumu Mtu wa Nazareti



Filipo alipomwambia Nathanaeli kwamba amepatikana yule aliyeandikwa na Musa na manabii, Nathanaeli hakuuliza anafundisha nini. Alisikia jina la kijiji cha Yesu, Nazareti, akauliza kama jema laweza kutoka huko, akamaliza kesi. Tumeihubiri sana habari hiyo ya sura ya kwanza ya Yohana. Tunalolipita haraka limo mwishoni mwa Injili hiyo hiyo, katika sura ya 21: Nathanaeli mwenyewe alikuwa mtu wa Kana ya Galilaya. Kana na Nazareti ni majirani. Mtu akitoka alfajiri kwa miguu, anafika kabla ya adhuhuri. Dharau ile haikutoka kwa mkuu wa Yerusalemu wala kwa Mrumi. Ilitoka kwa Mgalilaya mwenzake, aliyezijua njia na visima vya upande ule.

Yerusalemu nako walikuwa na yao. Katika sura ya saba, Nikodemo anapoomba Yesu asikilizwe kabla ya kuhukumiwa, wenzake wanamjibu kwamba Galilaya haitoi nabii. Hao ni wasomi wa Maandiko, na Kitabu cha pili cha Wafalme kinasema wazi kwamba nabii Yona alitoka Gath-heferi, mahali palipo Galilaya, karibu kabisa na Nazareti. Elimu walikuwa nayo. Hawakuitumia, kwa sababu jina la mkoa lilikuwa limekwisha kuwajibia. Sisi wa vyuo vikuu tungefaa kuisoma aya hiyo polepole.

Wako wanaodhani dawa ni kufuta asili: tukiwa ndani ya Kristo, usiniulize kwetu wapi. Siafikiani nao. Yesu hakuificha Nazareti. Pilato aliibandika msalabani, na Paulo akisimulia yaliyompata njiani kwenda Dameski, katika Matendo sura ya 22, anasema sauti iliyotoka mbinguni ilijitambulisha kwa jina hilo hilo la kijiji. Aliyefufuka bado ana kwao! Nasi huku kumwuliza mtu kwao ni wapi ni sehemu ya kujuliana hali, na Msukuma na Mzaramo wana utani wao unaowaruhusu kuchokozana hata msibani bila mtu kujeruhiwa. Ubaya huanza pale jibu la swali hilo linapogeuka hukumu: huyu ni mwizi, huyu ni mchoyo, huyu hawezi kutuongoza.

Na kanisa letu lina historia yake katika jambo hili, isiyofurahisha kuisimulia. Wamisionari walipokuja waligawana nchi. Leipzig walishika Kilimanjaro, Berlin nyanda za juu kusini, Betheli Usambara na baadaye Bukoba. Waanglikana wa Masasi walipokea ibada yenye ubani na mavazi mengi, wale wa Dodoma wakapokea iliyo kavu zaidi. Hadi leo Mwanglikana akihama anaweza kudhani ameingia dhehebu jingine. Mipaka hiyo ilifuata njia na uwezo wa vyama vya huko Ulaya, lakini watoto wetu waliirithi kama mipaka ya ukoo. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT. Ilikuwa kazi kubwa na njema. Hata hivyo, kuunganisha katiba ni rahisi kuliko kuunganisha watu, na kila ajuaye uchaguzi wa askofu ulivyo, katika dhehebu lolote, anajua minong'ono inayotangulia kura.

Minong'ono inaweza kufika mbali. Nyange, magharibi mwa Rwanda, ni jina la kukumbukwa mara mbili. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisa la parokia hapo. Likabomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padri wa parokia hiyo alihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyoketi hapa Arusha, na mwaka 2008 rufaa ikampa kifungo cha maisha. Alikuwa amesoma teolojia kama sisi. Kisha, tarehe 18 Machi 1997, wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu, Watutsi upande huu. Wanafunzi wakakataa, wakisema wao ni Wanyarwanda. Wengine wao waliuawa kwa jibu hilo. Kila mmoja darasani alijua mwenzake ni nani. Hakuna aliyehitaji kusahau asili yake ili akatae kumtoa jirani yake.

Ndiyo maana mahubiri ya Jumapili moja ya umoja hayanitoshi. Filipo hakubishana na Nathanaeli; alimwambia aje aone, wakaondoka pamoja. Basi mchungaji kijana wa Moshi apangiwe Njombe, akae miaka ya kutosha kujua mazishi yao na chakula chao, na wa Njombe apelekwe Bukoba. Kamati zetu za uteuzi, zikiwemo za chuo hiki, zisome kazi ya mtu kabla ya kusoma jina lake la ukoo. Gharama ya uhamisho najua ipo, na wahasibu wa dayosisi wataniuliza. Waanze na wachungaji watatu kwa mwaka.