Asiyekubali kushindwa si mshindani: mara tano alizoshindwa Muhammad Ali

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mjini Rhamu, Mandera Kaskazini, kwa wachezaji, makocha, waamuzi na wazazi.



Jina la Muhammad Ali halihitaji utambulisho hapa Rhamu. Wazee wanalikumbuka, na vijana wameyaona mapambano yake kwenye simu. Kinachosimuliwa sana ni ushindi wake: jinsi alivyomshinda Sonny Liston mwaka 1964 akatwaa taji la dunia la uzani wa juu, na jinsi alivyomlaza George Foreman katika raundi ya nane mjini Kinshasa, Oktoba 30, 1974. Alipigana mapambano 61 ya kulipwa, akashinda 56. Mazungumzo ya leo yanahusu yale matano yaliyobaki, kwa sababu ndani yake mna funzo kwa kila anayecheza mpira hapa, kila anayepanda bodaboda na kila mzazi.

Mara ya kwanza ilikuwa New York, Machi 8, 1971, dhidi ya Joe Frazier. Ali alikuwa amekaa nje ya ulingo zaidi ya miaka mitatu kwa sababu alikataa kujiunga na jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Katika raundi ya 15, ambayo ndiyo ya mwisho, Frazier alimwangusha kwa konde la kushoto. Ali aliinuka akamaliza pambano, lakini waamuzi wote walimpa Frazier ushindi.

Mara ya pili ilikuwa San Diego, Machi 31, 1973, dhidi ya Ken Norton. Ali alivunjika taya pambano likiendelea, naye akapigana hivyo hivyo hadi raundi ya 12. Alishindwa kwa pointi, akapelekwa kufanyiwa upasuaji. Septemba mwaka huo huo alirudiana na Norton, akashinda.

Mara ya tatu ilikuwa Las Vegas, Februari 15, 1978. Leon Spinks, kijana aliyekuwa amepigana mapambano saba tu ya kulipwa, alimpokonya taji. Miezi saba baadaye Ali alilirudisha, akawa mtu wa kwanza kulitwaa taji la uzani wa juu mara tatu.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Katika mara hizo tatu Ali alikuwa mshindani wa kweli. Alishindwa, akakubali, akajirekebisha na akarudi. Frazier naye, Ali alimshinda waliporudiana mwaka 1974. Kijana anayefungwa katika fainali, au asiyechaguliwa kwenye timu ya shule, na achukue funzo hapo: kushindwa si aibu, wala si mwisho wa safari.

Lakini mara mbili za mwisho ni habari nyingine kabisa.

Dalili zilianza mapema. Mwaka 1977, baada ya pambano gumu na Earnie Shavers, daktari wake Ferdie Pacheco aliona kwamba mwili wa Ali umeanza kuharibika, hasa figo. Alishauri bingwa aache ngumi. Hakusikilizwa, akaamua kuondoka kwenye kikosi chake.

Mwaka 1979 Ali alitangaza kustaafu. Februari 1980 alifika Dar es Salaam na Nairobi akiwa ametumwa na Rais Jimmy Carter kuziomba nchi za Afrika zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Miezi minane tu baada ya ziara hiyo, alikuwa amerudi ulingoni.

Oktoba 2, 1980, mjini Las Vegas, alipambana na Larry Holmes, ambaye zamani alikuwa akifanya mazoezi pamoja naye. Ali alikuwa na umri wa miaka 38. Alipigwa raundi baada ya raundi bila kuweza kujibu. Hakuna jaji hata mmoja aliyempa raundi hata moja. Baada ya raundi ya kumi, kocha wake Angelo Dundee alimwambia mwamuzi kwamba imetosha. Katika maisha yake yote ya ngumi za kulipwa, hiyo ndiyo mara pekee Ali alishindwa kabla ya kengele ya mwisho.

Hata hivyo alirudi tena. Desemba 11, 1981, mjini Nassau katika visiwa vya Bahamas, Trevor Berbick alimshinda kwa pointi katika raundi kumi. Baada ya hapo hakupigana tena. Mwaka 1984 madaktari walitangaza kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, unaoletea mwili mtetemeko na kuufanya ulimi uwe mzito. Mtu aliyejulikana duniani kwa maneno yake akaishi miaka mingi akizungumza kwa shida, hadi alipofariki Juni 3, 2016, akiwa na miaka 74. Madaktari hawajakubaliana makonde yalichangia kiasi gani katika ugonjwa wake. Wanachokubaliana ni kwamba kichwa kinachopigwa tena na tena huudhuru ubongo.

Sasa tazameni upande wa pili. Oktoba 1, 1975, karibu na Manila, Ufilipino, Ali na Frazier walikutana mara ya tatu. Ilipofika mwisho wa raundi ya 14, macho ya Frazier yalikuwa yamevimba kiasi cha kutoyaona makonde yanayomjia. Imebaki raundi moja tu, na Frazier anataka kuendelea. Kocha wake, Eddie Futch, alikataa, akasimamisha pambano. Frazier alikasirika, lakini alirudi nyumbani kwa watoto wake akiwa hai. Siku hiyo aliyejua maana ya kukubali kushindwa alikuwa kocha.

Kenya nayo ina kisa chake, na kinauma. Robert Wangila alishinda medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali. Hakuna bondia mwingine wa Kenya aliyewahi kupata dhahabu ya Olimpiki. Baadaye alikwenda kupigana ngumi za kulipwa Marekani. Julai 22, 1994, mjini Las Vegas, alipambana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa mwamuzi alisimamisha pambano. Wangila alilalamika kwamba bado ana nguvu. Muda mfupi baadaye alizimia katika chumba cha kubadilishia nguo, na siku mbili baada ya pambano akafariki. Alikuwa na miaka 26.

Ndugu wakazi, angalieni jambo moja katika kisa hicho. Wangila alikuwa amesimama, anazungumza na kulalamika, hali kichwani tayari kuna jeraha. Ubongo ulioumia hauwezi kujihukumu wenyewe. Ndiyo maana mchezaji hawezi kuachiwa aamue peke yake kama ataendelea.

Hapa Rhamu hakuna ulingo wa Las Vegas. Kuna uwanja mgumu wa mpira, vichwa viwili vinavyogongana kwenye mpira wa kona, na pikipiki inayoteleza kwenye changarawe, aliyeipanda hana helmeti. Kijana anaanguka, anazimia kidogo, anamwagiwa maji usoni, kisha mashabiki wanapiga kelele arudi uwanjani kwa sababu timu iko nyuma bao moja. Hapo ndipo anapohitajika Eddie Futch wa Rhamu.

Kwa makocha na waamuzi: mchezaji aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu hata kwa sekunde chache, au anayeyumba, au asiyejua mechi ni ya nani na nani, atoke. Asirudi uwanjani siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko sawa. Arudi baada ya kupimwa na mhudumu wa afya.

Kwa wazazi na wenzake: msimwache peke yake siku hiyo na usiku wake. Mkiona anatapika mara kwa mara, kichwa kinazidi kuuma, anachanganyikiwa, maneno hayatoki sawasawa, mkono au mguu unalegea, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, anatokwa na damu au maji masikioni au puani, anapata degedege, au haamki vizuri, mpelekeni hospitali mara moja. Dalili moja inatosha. Asipewe miraa wala vidonge vya usingizi. Aliyeanguka kwa kishindo msimkunje shingo mnapomnyanyua.

Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Mandera mjini, na safari ya kutoka hapa si ya dakika chache. Saa moja ikipotea uwanjani mkibishana, haitapatikana barabarani.

Kwa vijana: helmeti ni kwa ajili ya kichwa, si ya kuning'inizwa kwenye usukani. Na mwenzako akikwambia keti, keti. Mechi iko wiki ijayo pia.

Kabla ya kila mechi, timu hukubaliana nani nahodha na nani mlinda lango. Ongezeni jambo moja: kubalianeni ni nani mwenye neno la mwisho la kumtoa mchezaji aliyeumia, na neno lake lisipingwe na kocha, mzazi wala shabiki. Mkilifanya hilo, mtakuwa mmechukua kutoka kwa Muhammad Ali funzo ambalo yeye mwenyewe alilipata kwa gharama kubwa.