Kufuli la Nyumba na Kufuli la Kompyuta

Hotuba ya Afisa Uhusiano wa Polisi katika mkutano wa polisi na wananchi, Mutukula



Mmezoea kutusikia tukizungumzia magendo, wizi wa mifugo na pikipiki zisizo na hati. Leo naomba tuzungumze juu ya chombo ambacho wengi wenu sasa mnacho sebuleni au dukani, nacho ni kompyuta.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, kwa ajili ya nyumbani. Fundi mmoja aliniwekea mfumo na programu za ofisi kutoka kwenye flashi yake, kwa bei ya soda mbili. Ili programu hizo zikubali kufanya kazi bila leseni, alizima kwanza kinga ya virusi. Nilimwona akifanya hivyo, wala sikuuliza. Baada ya miezi michache mafaili yote yalifungwa, na maandishi ya kudai fedha yakatokea kwenye kioo. Humo mlikuwa na hesabu za miaka miwili za chama cha akiba ambacho mke wangu ni mweka hazina wake. Ilimlazimu apite nyumba kwa nyumba, akimwomba kila mwanachama akumbuke alichochangia. Wako waliomwamini. Wako ambao hata leo humtazama kwa shaka. Nami, afisa wa polisi, ndiye niliyeingiza mali ya wizi nyumbani mwangu.

Nasema mali ya wizi bila kupunguza neno. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Najua bei ya leseni ni kubwa kwa mwenye kibanda. Lakini siyo kweli kwamba asiye na fedha hana njia ila kuiba. Njia ya halali ipo, nayo ni programu huria.

Programu huria ni ile ambayo mtengenezaji wake ameruhusu watu wote waitumie, wainakili, wasome maandishi yaliyoiunda na kuyarekebisha. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kazi aliyoianza kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Kazi hiyo leo ni Linux. Mwaka 2004 ukatoka mfumo wa Ubuntu uliojengwa juu ya Linux, ambao jina lake, kutoka lugha za Afrika Kusini, ni ndugu wa neno letu utu. Mwaka huohuo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitoa programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Leo mwenye kuandika barua au kupanga hesabu anaweza kutumia LibreOffice bila kulipa chochote na bila kuvunja sheria.

Hata hivyo, kuwa na programu halali hakutoshi. Lazima mtu afuatilie habari zake. Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa rekebisho la kuziba ufa katika mfumo wa Windows. Wengi hawakuliweka. Tarehe 12 Mei virusi vilivyoitwa WannaCry vilipita katika ufa huohuo, vikafunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Wahenga walikwisha sema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapo ufa ulikuwa na dawa yake kwa takriban miezi miwili.

Wala programu huria hazina kinga ya miujiza. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia kwenye kompyuta yake aliyokuwa akiifanyia majaribio kulichelewa kwa karibu nusu sekunde. Angeweza kupuuza. Alichunguza, akakuta mlango wa siri umefichwa katika xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na alikuwa amefanya kazi na wenzake kwa miaka ipatayo miwili mpaka wakamwamini. Freund alitangaza hadharani, na hatari ikazuiwa kabla ya kuenea sana. Aliweza kuchunguza kwa sababu maandishi ya programu yako wazi kwa kila mtu.

Ndugu zangu, huo ndio ulinzi shirikishi tunaouhubiri hapa kila mwezi. Mgeni anaweza kuzoeleka kijijini. Anayewaokoa ni jirani aliyeona jambo dogo lisilo la kawaida akalisema mapema.

Naomba basi tufanye mambo manne. Kwanza, nakili kumbukumbu zako kwenye diski ya nje kila wiki, kisha uichomoe na kuiweka mbali na kompyuta. Pili, pakua programu kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Flashi moja huvuka mpaka huu mara nne kwa siku mfukoni mwa kijana, wala hakuna afisa anayeikagua. Tatu, ukitaka kuijua Linux, ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi uliyoiandaa, bila kuiweka ndani ya kompyuta. Kuna programu za kazi zinazotaka Windows pekee, kwa hiyo pima kabla ya kuhama. Nne, tenga nusu saa kwa wiki kusoma habari za teknolojia na kukubali masasisho. Msaada wa kawaida wa Windows 10, kwa mfano, ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025; mwenye mashine kuukuu alipaswa kulijua hilo mapema. Lakini ujumbe unaokuhimiza ubonyeze kiungo upesi usiuamini mpaka umethibitisha kwa mtengenezaji.

Na yeyote aliyefungiwa mafaili yake aje kituoni kabla hajalipa, hata kama programu zake hazikuwa halali. Hatutamcheka. Mimi mwenyewe nilinyamaza kwa aibu, na ukimya wangu uliwanufaisha walionitendea.