Mchezo wa Shabiki na Hakimiliki

Mchezo wa shabiki ni mchezo wa kompyuta unaotengenezwa na mpenzi wa mchezo maarufu kwa kutumia wahusika, muziki au hadithi ya mchezo huo. Wengi wanaoanza huamini kwamba kutotoza pesa kunawaepusha na sheria. Sivyo. Hakimiliki humpa mwenye kazi uwezo wa kuamua nani ainakili, aibadilishe au aisambaze, na kugawa bure bado ni kusambaza. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, ulinzi huo hauhitaji kazi isajiliwe.

Kwa mfano, Agosti 2016 mchezo wa shabiki uitwao AM2R, uliofufua Metroid II ya mwaka 1991, ulitolewa bure. Kampuni ya Nintendo, inayomiliki Metroid, ilitaka uondolewe, na katika siku chache viungo vya kuupakua vikafutwa. Pokémon Uranium, mchezo mwingine wa shabiki uliotengenezwa kwa takriban miaka 9, ulipatwa na hayohayo mwezi huo.

Kuandika kwamba mchezo si wa biashara hakuchukui nafasi ya ruhusa. Majina na nembo nazo hulindwa kama alama za biashara. Jasho la miaka laweza kupotea, na mtengenezaji aweza kushtakiwa na kudaiwa fidia.

Hata hivyo, hakimiliki hulinda namna wazo lilivyotekelezwa, si wazo lenyewe. Wazo la kuruka vizingiti au kutafuta njia pangoni ni mali ya wote. Njia salama ni kubuni wahusika, picha na muziki mpya, kutumia kazi zenye leseni huria, au kupata ruhusa ya maandishi kabla ya kuanza.