Barua Haijapotea: Kompyuta ya Chama Baada ya Kubadili Neno la Siri

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Mnamo Novemba 1870 mfuko wa barua za David Livingstone ulitumwa kutoka Zanzibar ili umfikie Ujiji. Ulichelewa pwani, na mwaka uliofuata Henry Morton Stanley aliukuta ungali Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora wa leo. Vita baina ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilikuwa vimeifunga njia ya Ujiji. Stanley aliuchukua mfuko huo, akazunguka kwa upande wa kusini, na barua zikamfikia mwenyewe takriban mwaka mmoja baada ya kuondoka Zanzibar. Barua zilikuwapo, kilichokosekana ni njia.

Jambo kama hilo laweza kutokea leo katika ofisi ya chama chochote cha msingi, iwe Sikonge, Urambo au Kaliua, neno la siri la barua pepe linapobadilishwa. Katibu hulibadili kwa simu yake. Kesho yake kompyuta ya mezani iliyoko ofisini hukataa kupokea barua. Hutokea kidirisha kinachodai neno la siri, na hata likiandikwa sawasawa, hurudi kudai tena. Wakati huo huo ratiba ya soko la tumbaku, au orodha ya mgao wa mbolea inayotakiwa kusahihishwa na kurejeshwa Chama Kikuu, imo katika sanduku lisilofunguka. Siku zikipita, anayeumia si katibu peke yake, bali ni mkulima ambaye marobota yake yanangoja ghalani.

Sababu yake ni nyepesi kuieleza. Barua pepe hufikia kwanza kwenye seva, yaani kompyuta ya mwenye huduma, nazo programu kama Outlook na Thunderbird hutumwa kwenda kuzichukua. Ili katibu asisumbuliwe kila asubuhi, programu huliweka akibani neno la siri aliloliandika siku ya kwanza. Neno linapobadilishwa, seva hupata habari, programu haipati. Huendelea kubisha hodi kwa neno la zamani, tena na tena, na mwenye huduma akiona makosa mengi mfululizo aweza kuifunga akaunti kwa muda, akidhani kwamba anayebisha ni mwizi. Ndiyo maana pupa ya kujaribu na kujaribu tena huongeza tatizo badala ya kuliondoa.

Kwa hiyo hapana budi matengenezo yafuate utaratibu.

Kwanza, programu ifungwe, na simu zote zenye akaunti hiyo zizimiwe intaneti kwa muda.

Pili, katibu aingie katika sanduku la barua kwa kupitia kivinjari, na aliandike neno jipya kwa mkono wake, akihakikisha kwamba kitufe cha herufi kubwa hakikuwashwa. Akikubaliwa, neno ni sahihi na kosa limo katika programu. Akikataliwa, kosa ni la neno lenyewe, na kuhangaika na programu ni kazi bure.

Tatu, neno la zamani lifutwe pale lilipowekwa. Katika Thunderbird liko ndani ya mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, penye maneno ya siri yaliyohifadhiwa. Kwa watumiaji wa Outlook, laweza kuwa limewekwa na Windows yenyewe, katika sehemu iitwayo Credential Manager. Likiisha kufutwa, programu ifunguliwe upya na kupewa neno jipya.

Nne, ikumbukwe kwamba njia ya kupokea na njia ya kutuma ni mbili, na kila moja yaweza kuwa na neno lake. Huenda katibu akaona barua zinaingia akaridhika, kumbe majibu yake yote yamelala kwenye kisanduku cha kutokea. Ajitumie barua moja ya majaribio, kisha azirudishe simu moja moja kwa neno jipya.

Pengine yote hayo yatafanywa na programu bado itakataa. Hapo yafaa kujua kwamba sheria za wenye huduma zimebadilika. Tangu Mei 2022, Google haikubali tena neno la siri la kawaida kutoka kwa programu za barua katika akaunti binafsi za Gmail; na tangu Septemba 2024, Microsoft imefanya vivyo hivyo kwa akaunti za Outlook.com na Hotmail. Programu ya kisasa hufungua ukurasa wa mwenye huduma, na mtumiaji hujitambulisha hapo. Toleo la zamani, kama Outlook ya 2010, halijui njia hiyo. Mwenye Gmail aweza kuliombea neno maalumu la herufi 16, baada ya kuwasha uthibitisho wa hatua mbili. Lakini neno hilo nalo hufutwa kila neno kuu linapobadilishwa, hivyo huombwa upya. Mwenye Outlook.com hana budi kutumia programu mpya au kivinjari.

Liko kosa moja la kuogopwa kuliko yote, nalo ni kuifuta akaunti katika programu ili kuanza upya. Kompyuta nyingi za zamani ziliwekwa kwa mtindo wa POP, ambao huzishusha barua na mara nyingi kuziondoa kwenye seva. Kumbukumbu za miaka mingi, pamoja na mikataba na taarifa za ukaguzi, zaweza kuwa ndani ya mashine hiyo moja tu. Akaunti ikifutwa, nazo zaweza kwenda. Kwa hiyo nakala ya barua zote ihifadhiwe kwanza, mahali pengine, kabla ya mtu yeyote kugusa akaunti.

Jambo la mwisho ni la bodi. Akaunti ya chama ni mali ya chama, kama ulivyo muhuri na daftari la wanachama. Namba ya simu ya kuirejeshea isiwe ya katibu anayeondoka. Neno la siri liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa, likae ndani ya sefu. Na likibadilishwa, bahasha ibadilishwe siku hiyo hiyo. Makabidhiano ya ofisi yaitaje bahasha hiyo, bila kulitaja neno lenyewe. Wala asipewe mtu yeyote anayelidai kwa simu, hata akijitambulisha kuwa ni fundi wa mwenye huduma.

Chama kikiyashika hayo, kubadili neno la siri kutakuwa kazi ya asubuhi moja, na mkulima hatakosa habari za soko lake kwa sababu ya ufunguo wa zamani.