Niko Upande wa Chatu
(Mhadhara wa umma, Lubumbashi)



Msomaji wa Zanzibar akifungua Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, husafiri na kijana Yusuf katika msafara wa biashara: huumwa naye, huchoka naye, huvuka ziwa na kuingia bara kwa woga. Mimi nilikuwa huku tayari, nikiungoja msafara. Basi Chatu, mtemi wa bara, alipowanyang'anya wasafiri bidhaa zao, moyo wangu ulikwenda kwake. Mfanyabiashara mwingine alikwisha kumdhulumu, awaaminije hawa? Kuna wanaoniambia kwamba Chatu ni katili. Ni katili kweli. Lakini sisi tumelelewa na habari za Msiri wa Bunkeya, aliyetoka Unyamwezi kufuata biashara akawa mfalme, kisha akauawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kwetu, mgeni mwenye mizigo na mtemi mkali wamewahi kuwa mtu mmoja. Na pale Mzungu anapotokea na askari wake kuamua kesi, msafara unapata nafuu; mimi nilifunga kitabu kwanza, nikanywa maji.

Mwandishi Mudimbe ni wetu zaidi: mzaliwa wa Likasi, mwalimu wa chuo hiki miaka ya 1970. Pierre Landu, padri wa riwaya yake moja anayejiunga na waasi, ananichosha kwa kujichunguza. Shaba deux, ya mwaka 1989, ni kitabu kingine kabisa. Mtawa Mkongo anaandika shajara Kolwezi wakati wa vita vya 1978, na watawa wa Kizungu wanapoondoka anaachiwa nyumba aiongoze. Hakuna kelele: sala, chakula, uvumi, nani kaondoka. Nilikisoma polepole kwa sababu kiliniogopesha, na sijui kitabu kingine kuhusu vita vile kinachoniamini hivyo mimi msomaji.

Sinzo Aanza, katika Généalogie d'une banalité ya 2015, anawafanya watu wa mtaa wachimbe shaba chini ya nyumba zao wenyewe. Wageni husema ni fumbo. Anayeishi karibu na mashimo ya wachimbaji anacheka, halafu anatazama sakafu yake.

Imebaki Tram 83. Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa mji huu, alikitoa 2014, na dunia ikakipigia makofi. Mdundo wake ni wa ajabu, sibishi. Ila wanawake wa baa inayokipa kitabu jina wanapita kama kibwagizo, wakirudia maneno yaleyale ya kuita wateja, na hakuna anayerudi nyumbani kupika. Hapo ndipo kitabu kilinipoteza. Wanaokipenda nawaona wamejaa viti vya nyuma, na wameanza kuguna. Kipaza sauti kiko mlangoni, waanze wao.