Moyo Unadunda, Daktari Anasema Amefariki: Tuwaambie Nini Ndugu?

(Mada iliyosomwa kwenye semina ya viongozi wa dini na watoa huduma kwa wagonjwa. Imefupishwa kidogo.)



Tumepewa mada ambayo wengi wetu tungependa iwe ya madaktari peke yao. Haiwezekani. Mgonjwa yuko chumba cha mahututi, mashine inampumulia, kifua kinapanda na kushuka, mkono una joto, kisha daktari anawaita ndugu na kuwaambia kwamba ubongo umekufa. Anayepigiwa simu baada ya hapo ni padre, mchungaji au shehe. Naye huulizwa swali moja tu: ameshakufa au bado? Anayelijibu ovyo huiachia familia mzigo wa miaka mingi.

Tuanze na lugha, maana tatizo huanzia hapo. Sisi Waswahili husema mtu amekata roho, au ameshusha pumzi ya mwisho. Kifo chetu kiko kwenye pumzi. Lakini neno lenyewe "kufa" tunalitumia pia kwa vitu vinavyorudi. Mguu hufa ganzi na baada ya dakika tano unatembea. Betri ya gari hufa, ikachajiwa. Kwa hiyo mama anayeambiwa "ubongo wa mwanao umekufa" anaweza kuelewa kwamba mtoto yupo, ila kiungo kimoja kimeharibika na huenda kikapata dawa. Daktari ametangaza msiba, mama amesikia habari ya ugonjwa. Ndiyo maana tunawasihi wauguzi waseme wazi: "Amefariki. Mashine ndiyo inayosukuma hewa." Ni maneno makali, lakini yale laini yanadanganya.

Zamani swali hili halikuwapo. Pumzi ikikatika, moyo husimama baada ya dakika chache, na ubongo huharibika. Vyote vilikwenda pamoja, na hakuna aliyehitaji kuvitenganisha. Mambo yalibadilika Copenhagen mwaka 1952, wakati wa mlipuko wa polio. Daktari Bjørn Ibsen alionyesha kwamba mgonjwa aliyeshindwa kupumua anaweza kusukumiwa hewa kupitia mrija kooni, na wanafunzi wa udaktari wakakaa kwa zamu wakiminya mifuko ya hewa kwa mikono usiku na mchana. Wengi waliokolewa. Baadaye mashine zikachukua kazi hiyo, na hapo ndipo ikaonekana hali mpya: mtu ambaye ubongo wake umeharibika wote, lakini moyo unaendelea. Wafaransa Mollaret na Goulon waliieleza mwaka 1959 na kuiita hali iliyopita kuzimia.

Inawezekanaje? Moyo una kichocheo chake chenyewe ndani ya misuli yake. Ukipata damu yenye oksijeni utadunda bila amri ya ubongo. Kupumua ni tofauti. Amri ya kupumua hutoka kwenye shina la ubongo, pale chini ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Shina hilo likifa, mtu hatapumua tena mwenyewe kamwe.

Mwaka 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard, chini ya Dk. Henry Beecher, ilipendekeza hali hiyo ihesabiwe kuwa ni kifo. Ilitoa sababu mbili: mzigo kwa wagonjwa, familia na hospitali, na ubishi uliokuwapo katika kupata viungo vya kupandikiza. Sababu hiyo ya pili ndiyo iliyozaa mashaka ambayo hayajaisha. Miezi michache tu kabla, Desemba 1967, Christiaan Barnard alikuwa amepandikiza moyo wa mtu kwa mara ya kwanza pale Cape Town. Watu wakauliza: je, tafsiri ya kifo imebadilishwa kwa sababu ukweli umejulikana zaidi, au kwa sababu viungo vinatakiwa? Sisi tunaona swali hilo ni la haki, na anayeliuliza asiitwe mjinga.

Japani inatufundisha hapa. Mwaka 1968 daktari mmoja wa Sapporo alipandikiza moyo, kisha akachunguzwa kwa tuhuma za mauaji. Hakushitakiwa, lakini imani ya wananchi ilivunjika, na sheria ya kuruhusu viungo kutolewa kwa mtu aliyekufa ubongo ilipatikana mwaka 1997 tu. Karibu miaka 30!

Sasa vipimo, kwa sababu wengi wanadhani daktari huangalia tu na kuamua. Kwanza chanzo lazima kijulikane: ajali ya kichwa, kiharusi, kukosa hewa. Pili, yaondolewe mambo yanayofanana na kifo. Dawa za usingizi, mwili kupoa sana, sukari kushuka, sumu. Madaktari wa India wameandika habari za watu walioumwa na nyoka wakalegea kabisa, mboni hazishtuki kwa mwanga, na wakaja kupona. Kwetu pia mtoto mwenye malaria ya kichwani anaweza kuzimia kabisa na bado akapona. Huyo hajafa ubongo, na asitajwe katika mazungumzo haya hata kwa makosa.

Yakishaondolewa hayo, macho humulikwa tochi, pamba hugusishwa kwenye jicho, maji ya barafu humiminwa sikioni, mrija huingizwa kooni kuona kama atakohoa. Mwisho ni kipimo cha pumzi. Mgonjwa hupewa oksijeni ya kutosha, mashine hutenganishwa, na wote wanakitazama kifua. Hewa chafu hujikusanya katika damu, nayo ndiyo kichocheo kikubwa kuliko vyote cha kupumua. Kama shina la ubongo lina uhai hata kidogo, kifua kitajitahidi. Kisipofanya hivyo, jibu ni hilo. Uingereza huhitaji madaktari wawili, na vipimo vyote kurudiwa mara ya pili.

Tusichanganye hali hii na ya mtu aliyepoteza fahamu kwa miaka huku akipumua mwenyewe na kufumbua macho. Terri Schiavo wa Florida, aliyefariki mwaka 2005 baada ya kuondolewa mrija wa chakula, alikuwa wa namna hiyo. Ubongo wake haukuwa umekufa wote. Kesi yake ni nzito, lakini ni nyingine.

Ubishi wa wataalamu wenyewe uko wapi basi? Uingereza inatosheka na kifo cha shina la ubongo. Sheria ya mfano ya Marekani ya mwaka 1981 inataka kazi zote za ubongo wote ziwe zimekoma. Lakini baadhi ya wanaotangazwa wamekufa huko bado wana sehemu ndogo ya ubongo inayotoa homoni za kusawazisha maji mwilini. Yaani maneno ya sheria na vipimo vya wodini havilingani sawasawa. Mfano unaojulikana ni wa Jahi McMath, binti wa miaka 13 wa California, aliyetangazwa amefariki Desemba 2013 baada ya upasuaji wa koo. Mama yake alikataa, akamhamishia New Jersey, ambako sheria inaheshimu pingamizi la kidini. Mwili ukaendelea kukua, akavunja ungo, na hatimaye akafariki Juni 2018. Ana vyeti viwili vya kifo. Dk. Alan Shewmon alidai kwamba kuna wakati binti huyo alikuwa akiitika; wengine hawakukubali. Kamati iliyojaribu kuirekebisha sheria hiyo ilisimamisha kazi mwaka 2023 bila kuafikiana.

Upande wa dini, Papa Pius XII alisema mwaka 1957 kwamba kutambua saa ya kifo ni kazi ya daktari, na kwamba hakuna wajibu wa kutumia njia zisizo za kawaida. Yohane Paulo II mwaka 2000 alikubali kipimo cha ubongo kikifanywa kwa ukamilifu, ingawa wapo wanazuoni Wakatoliki wanaopinga hadi leo. Kwa Waislamu, wanazuoni waliokutana Amman mwaka 1986 walikubali kwamba ubongo ukikoma wote bila uwezekano wa kurudi, mtu amekufa. Mwaka 1987 baraza lililokutana Makka liliruhusu mashine iondolewe, lakini likasema hukumu ya kifo isubiri mpaka moyo na pumzi vikome baada ya kuiondoa. Tofauti hiyo si ndogo, kama mtakavyoona.

Msimamo wetu sisi ni huu. Vipimo vikifanywa vyote, na watu wenye ujuzi, tunaviamini. Pale ambapo hospitali haina vifaa au watu wa kuvifanya, neno "ubongo umekufa" lisitumike kabisa. Isemwe tu kwamba hali ni mbaya na matumaini hayapo. Aidha, daktari anayepima asiwe na uhusiano wowote na wanaohitaji viungo. Kwetu Tanzania, figo zinazopandikizwa Muhimbili tangu mwaka 2017 hutolewa na ndugu walio hai, hivyo leo mzozo wetu hauko kwenye viungo. Uko kwenye kitanda, bili ya kila siku, na ndugu anayesafiri kutoka kijijini kuja kumwona mgonjwa kabla mashine haijazimwa. Tunasema asubiriwe. Siku moja au mbili kwa ajili ya kuaga si upotevu wa fedha.

Kwa majadiliano ya makundi, tunaomba mchukue jambo moja tu. Mume ametangazwa amekufa ubongo Jumatatu, mashine imeondolewa Alhamisi na moyo ukasimama. Cheti kiandikwe siku ipi? Uingereza wangeandika saa ile vipimo vya kwanza vilipokamilika. Kwa mjane anayehesabu eda, na kwa warithi kama mmoja wao alifariki Jumatano, siku hizo tatu zina uzito wake. Masheikh na wanasheria wagawanyike, kila kundi lipate angalau mmoja.